Kazi ikihamia nyumbani, wajibu wa mwajiri haukomi

Wapo wanaotunga shanga, wanaochambua ngwara na wanaojibu maombi ya vyumba vya hoteli wakiwa majumbani mwao. Anayewapa kazi hiyo anadaiwa nini na sheria, na yeye mwenyewe anapata faida gani akiifuata?

UKIPITA barabara ya lami kutoka Makuyuni kwenda lango la Lodoare, ajira za Karatu utaziona waziwazi. Kuna wahudumu wa hoteli, mafundi wa magari ya watalii, wapakiaji wa vitunguu vya Mang'ola na vibarua wa mashamba ya kahawa ya Oldeani.

Ipo ajira nyingine ambayo haionekani barabarani kwa sababu imo ndani ya nyumba. Mama wa Kimaasai ndani ya eneo la Ngorongoro anatunga bangili za shanga zitakazouzwa katika duka la mjini. Familia pembezoni mwa mji inachambua ngwara ya mkulima mwenye shamba kubwa. Kijana mwenye kompyuta mpakato anapokea maombi ya wageni wa hoteli akiwa sebuleni kwake.

Watu hawa watatu hawafanani kwa elimu wala kwa kipato. Kinachowafanya wafanane ni kwamba kazi ni ya mtu mwingine, lakini paa, mwanga, maji na hatari ni vya kwao.

Makala haya yanawahusu wakulima na wafanyabiashara wadogo ambao, pengine bila kujijua, ni waajiri wa watu wa namna hii. Yanawahusu pia wanaoipokea kazi hiyo mlangoni.

Ilivyoanza

Kazi ya kupelekewa nyumbani si jambo jipya. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 177 kuhusu kazi za nyumbani mwaka 1996, ukaanza kutumika mwaka 2000. Msingi wake ni rahisi: anayefanyia kazi nyumbani kwa maelekezo ya mwingine asitendewe tofauti na mwenzake aliyeko kiwandani au ofisini.

Nchi chache tu duniani zimeuridhia. Hata hivyo, ripoti ya ILO ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba mwaka 2019, kabla ya korona, watu wapatao milioni 260 duniani walikuwa wakifanya kazi wakiwa nyumbani. Hiyo ni karibu asilimia 8 ya watu wote wenye kazi.

Katika wilaya zetu, mwaka 2020 uliisukuma kazi nyumbani kwa nguvu. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Kwa mji kama Karatu, ambao sehemu kubwa ya fedha yake inatoka kwa wageni wa Ngorongoro, hilo lilikuwa pigo.

Wenye hoteli na kampuni za utalii walipunguza ofisi. Kazi ya kujibu baruapepe, kupanga safari na kuandika hesabu ikafanywa kwa simu na kompyuta kutoka nyumbani. Wageni waliporudi, baadhi ya waajiri waligundua kwamba kazi inakwenda hata bila ofisi kubwa, nao wakaendelea hivyo.

Upande wa shanga sababu ni nyingine. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, hivyo mama anayetaka fedha yake mwenyewe, mbali na ng'ombe na maziwa, ana njia chache. Shanga ni mojawapo. Na kazi ya shanga hufanyika bomani, kati ya kukamua na kupika.

Nani mwajiriwa, nani mfanyabiashara

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwenye duka husema, "Huyu si mfanyakazi wangu, mimi nanunua tu kazi yake." Mara nyingine ni kweli, mara nyingine si kweli.

Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 inatoa kipimo. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi au huduma atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, bila kujali mkataba wao umeandikwa kwa namna gani, iwapo hata jambo moja kati ya haya saba lipo:

- namna anavyofanya kazi inaongozwa au kusimamiwa na mwingine;
- saa zake za kazi zinapangwa na mwingine;
- kama anafanyia taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo;
- amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita;
- kiuchumi anamtegemea mtu huyo;
- anapewa vifaa vya kazi na mtu huyo;
- anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Angalia vizuri orodha hiyo. Hakuna mahali inapouliza kazi inafanyikia wapi. Sheria inauliza kazi ni ya nani na nani anaiongoza.

Tuchukue akina mama wawili wa Ngorongoro. Wa kwanza ananunua shanga na uzi sokoni Karatu kwa fedha yake, anabuni mkufu anaoutaka, kisha anamuuzia yeyote atakayefika bei. Huyo ni mfanyabiashara. Faida ni yake na hasara ni yake.

Wa pili analetewa shanga, uzi na bangili ya mfano. Anaambiwa atengeneze 20 kwa rangi zilezile, zichukuliwe Jumamosi. Bei imeshapangwa na mnunuzi, na hana mnunuzi mwingine. Kwake yapo mambo manne kati ya saba: anaelekezwa, anapewa vifaa, anamtegemea mtu mmoja na anamfanyia mtu mmoja.

Mwenye duka anaweza kupinga na kuleta ushahidi kwamba huyo si mwajiriwa. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kumwita mama huyo "msambazaji" au "wakala" kwenye daftari hakumsaidii kitu.

Nyumba nayo ni gharama

Mchumi akiangalia kazi ya nyumbani huuliza swali moja kwanza: gharama ya jengo imekwenda wapi? Haijapotea. Imehama kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi.

Tufanye hesabu ya mfano kwa karani wa hoteli anayefanya kazi nyumbani kwa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Tuseme bando la intaneti linakula 30,000, umeme wa LUKU 10,000, na muda wa maongezi kuwapigia madereva na waongoza watalii 10,000. Jumla ni 50,000. Kwa kweli mshahara wake ni 350,000. Amepunguziwa asilimia 12.5 bila barua wala kikao.

Sheria zetu za kazi hazina sura maalumu ya kazi za nyumbani, wala hazitaji neno bando. Ndiyo maana jambo hili halipaswi kuachwa hewani. Mwajiri mwenye busara huandika kiasi atakachorudisha kila mwezi, au hununua bando na vifaa mwenyewe. Asipofanya hivyo, mfanyakazi atafidia kwa njia nyingine: kuzima simu mapema, kutojibu wageni usiku, au kutafuta kazi kwa jirani.

Ujira wa kipande una kima cha chini

Sasa tuje kwenye ngwara, zao ambalo Karatu inalifahamu vizuri na ambalo soko lake kubwa liko Kenya. Mnunuzi anataka ngwara safi, isiyo na mawe, isiyotobolewa na wadudu. Kuchambua ni kazi ya macho na vidole, na mara nyingi hulipwa kwa gunia.

Tuseme mkulima anapeleka magunia nyumbani kwa mchambuaji na kumlipa shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 100. Tuseme mtu mzima mmoja anatumia saa 12 kulimaliza. Ujira wake kwa saa ni shilingi 333.

Linganisha na sheria. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa wiki ya saa 45, mwezi una takriban saa 195, yaani karibu shilingi 718 kwa saa. Gunia lile la saa 12 lilipaswa kulipwa si chini ya 8,600. Mchambuaji wetu alipata chini ya nusu.

Kuanzia Januari 2026 amri mpya imepandisha tena kima cha chini cha sekta binafsi, kwa wastani wa asilimia 33.4. Kwa hiyo mkulima anayetumia bei ya gunia ya miaka mitatu iliyopita afanye hesabu upya.

Njia ya kufanya hesabu si ngumu. Kaa na mchambuaji mmoja wa kawaida, si yule mwenye kasi kuliko wote, umwache achambue kilo 20 huku ukiangalia saa. Zidisha mara 5 upate muda wa kilo 100. Zidisha muda huo kwa kima cha chini cha saa moja. Hiyo ndiyo bei ya chini ya gunia lako.

Tumia mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo (WMA), ulipe kwa kilo. Neno "gunia" lina ugomvi ndani yake, hasa likiwa limejazwa lumbesa. Anayelipwa kwa gunia la kilo 130 kwa bei ya gunia la kilo 100 amechambua kilo 30 bure.

Mahali pa kazi ni pale kazi inapofanyika

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inasema mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa, saa za kazi, mahali pa kazi. Kwa makubaliano ya mfanyakazi unaweza kuwekwa kwenye akaunti yake.

Kifungu hicho ukikisoma kwa jicho la anayefanyia kazi nyumbani, maana yake ni kubwa. Mahali pake pa kazi ni nyumbani. Mama wa Endulen au Nainokanoka hapaswi kutumia nauli kwenda mjini Karatu kufuata fedha yake, akifika aambiwe bosi amekwenda Arusha, arudi wiki ijayo.

Malipo ya simu yamerahisisha jambo hili. Lakini mkubaliane mapema nani atabeba gharama ya kutoa fedha kwa wakala. Kwa ujira wa 15,000, ada hiyo si ndogo.

Wapo pia wanaolipwa kwa bidhaa: sukari, unga au shanga zaidi. Sheria inadai mshahara wa fedha ulipwe kwa fedha. Zawadi ni jambo jema, lakini zawadi si mshahara.

Mzigo ukiharibika

Hii ndiyo kesi inayovunja urafiki mara nyingi kuliko zote. Mvua imenyesha, bati linavuja, magunia mawili ya ngwara yamelowa. Au bangili 20 zimepelekwa na mwenye duka anazikataa 7.

Sheria hairuhusu mwajiri kukata anavyotaka. Ili akate kwa ajili ya hasara, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi na jinsi alivyokikokotoa, na mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea. Makato yasizidi hasara halisi, na kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Aliyepata 60,000 hawezi kukatwa zaidi ya 15,000.

Bati linalovuja si kosa la mchambuaji ikiwa mwenye mzigo aliliona siku aliposhusha magunia. Kabla ya kupeleka mzigo wa thamani kwenye nyumba ya mtu, angalia paa, angalia panya, peleka turubai na mbao za kuinulia magunia. Turubai moja ni rahisi kuliko magunia mawili.

Kuhusu kazi inayokataliwa, dawa yake ni mfano mmoja uliokubaliwa na pande zote mbili. Bangili ya mfano ibaki kwa mama, nyingine ibaki dukani. Kasoro zinazoweza kufanya kazi ikataliwe zitajwe kabla: upana, rangi, fundo la mwisho. Kukataa kazi baada ya kuona wageni wamepungua mjini si suala la ubora. Hiyo ni hasara ya biashara, na mwenye biashara ndiye anayepaswa kuibeba.

Hatari ndani ya chumba cha kulala

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake. Kazi inapokuwa nyumbani, uzito wa wajibu huo unaongezeka, kwa sababu anayeathirika si mfanyakazi peke yake. Ni watoto na wazee waliolala chumba hicho.

Hatari ya kwanza na kubwa ni dawa za kuhifadhia nafaka. Vidonge vya kufukizia ghala hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua watu kama inavyoua wadudu. Vidonge hivyo visitumike kamwe ndani ya nyumba inayolaliwa watu, wala magunia yaliyofukizwa yasipelekwe kwa mchambuaji kabla gesi haijaisha kwa kuachwa wazi kwenye hewa. Mwenye mzigo ndiye anayejua magunia yake yamewekwa dawa gani na lini. Asiposema, hakuna mwingine atakayejua.

Hatari ya pili ni vumbi. Kuchambua na kupepeta kufanyike nje au kwenye baraza, na mwenye mzigo atoe barakoa.

Hatari ya tatu ni baridi ya nyanda za juu. Mwezi Juni na Julai watu wa Karatu na Ngorongoro huingiza jiko la mkaa ndani ili vidole visigande. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Dirisha liachwe wazi.

Hatari ya nne ni macho. Kutunga shanga ndogo usiku kwa mwanga hafifu kunachosha macho. Anayetaka bangili 20 ifikapo Jumamosi achangie taa ya sola, au aongeze siku.

Mwajiri anaweza kutaka kukagua mahali kazi inapofanyika. Ni sawa, lakini nyumba ya mtu si ghala. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake. Toa taarifa mapema, piga hodi, na ukaguzi uishie pale kazi inapofanyika.

Ajali ikitokea, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) upo kwa ajili hiyo. Unalipa fidia kwa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Mwajiri wa sekta binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na mchango huo ni wake, haukatwi kwa mfanyakazi. Kwa mshahara wa 200,000 ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Akipata taarifa ya ajali, mwajiri anatakiwa kuujulisha mfuko ndani ya siku 7.

Mtoto na mzazi

Kazi ikiwa nyumbani, mikono ya watoto iko karibu. Gunia la ngwara likiwa sebuleni, mtoto wa darasa la tatu ataambiwa asaidie, kwanza kidogo, kisha kila jioni.

Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kusoma. Mwenye mzigo husema, "Sikumwajiri mtoto, nilimpa mama yake." Lakini kama umepeleka magunia matano Ijumaa ukitaka yawe tayari Jumatatu, na unajua mtu mmoja hawezi, basi umeshaamua nani atayachambua. Muda unaotoa ndio unaowaingiza watoto kazini au kuwaacha na daftari zao.

Suala jingine ni uzazi. Mwajiriwa wa kike ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Marekebisho ya mwaka 2025 yaliongeza muda kwa mama aliyejifungua mtoto njiti. Sheria inakataza mama kufanya kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza.

Kwa anayefanyia kazi nyumbani, likizo hii ndiyo inayosahaulika kwanza. "Si yuko nyumbani, atajibu tu baruapepe mbili tatu." Kuwa nyumbani si kuwa kazini. Likizo ni likizo.

Saa za kazi na siri za wageni

Kwa karani wa hoteli, tatizo kubwa ni saa. Mgeni wa Marekani huandika wakati Karatu imelala. Ofisini mlango hufungwa saa 11 jioni, lakini simu iliyo kando ya mto haifungwi.

Kikomo cha sheria ni saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, bila muda wa ziada. Muda wa ziada ulipwe mara moja na nusu, na usizidi saa 50 katika wiki 4. Mwajiri aandike saa za kuwa hewani, na ujumbe wa usiku usubiri asubuhi isipokuwa kwa dharura ya mgeni aliyeko njiani.

Karani huyo pia ana nakala za pasipoti na namba za simu za wageni kwenye kompyuta inayotumiwa na ndugu zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa mwenye biashara wajibu wa kulinda taarifa hizo, popote zilipo. Kompyuta ya kazi iwe ya kazi, iwe na nywila, na inunuliwe na mwenye kazi.

"Nitafilisika"

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni ya makampuni makubwa, yeye ana watu wanne tu. Tufanye hesabu yake, kwa mfano.

Watu wanne kwa mshahara wa 250,000 kila mmoja ni 1,000,000 kwa mwezi. Mchango wa WCF ni 5,000. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni asilimia 20, yaani 200,000. Mwajiri akikata nusu kwa wafanyakazi kama sheria inavyomruhusu, yeye anabeba 100,000. Jumla yake ni 105,000.

Sasa ahesabu alichookoa kwa kutokuwa na karakana. Tuseme chumba mjini ni 80,000, umeme na maji 20,000, mlinzi 100,000. Jumla ni 200,000. Hata akilipa michango yote na kuwarudishia wafanyakazi wake 15,000 kila mmoja kwa umeme na bando, bado anabakiwa na 35,000 kila mwezi.

Hesabu za kila mtu zitatofautiana, lakini funzo ni hili: akiba ya pango ndiyo inayolipia wajibu. Anayelalamika kwamba hawezi, mara nyingi ameshaitumia akiba hiyo kama faida.

Karatasi moja inatosha

Sheria inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya maandishi: jina, umri na anwani yake, alipoajiriwa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na mshahara unavyokokotolewa. Kwa kazi ya nyumbani ongeza mistari mitano:

- vifaa na malighafi ni vya nani, na vikichakaa nani ananunua vingine;
- umeme, bando, taa na usafiri wa mzigo analipa nani;
- mzigo umepimwa kilo ngapi au vipande vingapi wakati wa kupeleka na wakati wa kuchukua;
- kazi inakubaliwa kwa mfano upi, na ikikataliwa itarekebishwa vipi;
- malipo ni siku gani na kwa njia gani.

Iandikwe kwa Kiswahili rahisi, nakala mbili, kila upande na yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini. Kukitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuonyesha maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana unakuwa juu yake. Kwa maneno mengine, karatasi hiyo inamlinda mwajiri kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa mfanyakazi, daftari la senti chache ni silaha. Andika kila mzigo ulioingia na kutoka, tarehe, kiasi na malipo. Wenye kazi moja wakikaa pamoja, mama watano au kumi wa kitongoji kimoja, wanaweza kuongea bei kwa sauti moja na kununua turubai au taa ya pamoja.

Mazungumzo yakishindikana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Dai la kuachishwa kazi isivyo halali lifikishwe ndani ya siku 30, na madai mengine ya kazi ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki zao kwa kusubiri "bosi atakumbuka" mpaka siku zimepita.

Msimu ujao wa mavuno, kabla hujashusha gunia la kwanza kwenye baraza ya mtu, jiulize maswali matatu. Bei yangu ya kilo inafikia kima cha chini cha saa? Mzigo wangu una dawa gani? Na muda niliotoa, unamtosha mtu mzima mmoja bila mtoto kukosa shule? Ukiweza kuyajibu yote matatu kwa maandishi, umeshatimiza sehemu kubwa ya wajibu wako, na mzigo wako utarudi safi na kwa wakati.